Kila Anayenuka Moshi

Paukwa, wanangu.

Pakawa.

Sogeeni karibu, sauti yangu leo ni ndogo.

Zamani hizo, bibi zenu hawajazaliwa, palikuwa na ajuza mmoja, jina lake Nyamvula. Kila ugomvi wa kijiji uliletwa kwake. Mbuzi kala mahindi, Nyamvula. Mume kakimbia, Nyamvula. Akaamua, akaamua, akaamua, mpaka akachoka. Magoti yalimuuma, na usingizi wake ulikuwa wa kukatikakatika.

Mwaka mmoja wa ukame ghala la kijiji likashika moto. Mahindi yakalia pa, pa, pa. Kulipokucha palibaki majivu.

Asubuhi hiyo hiyo wakaja kumwita. Akatembea, ko, ko, ko, fimbo ikigonga njia. Uwanjani akamkuta Mbeyu, mjane mfinyanzi aliyeolewa pale kutoka mbali, mtoto mgongoni. Watu wamemzunguka. Mzigo wake umeshafungwa.

Jumbe Ngoka, mkuu wa kijiji, akasema, "Bibi, kesi imekwisha, tunataka neno lako tu. Kila aliyechoma ghala lazima ananuka moshi. Mbeyu ananuka moshi. Basi Mbeyu ndiye aliyechoma ghala. Aondoke leo."

"Aende wapi na ukame huu?"

"Anakojua mwenyewe."

Nyamvula akashusha pumzi. Maneno ya namna hii alikwisha kuyasikia mara nyingi mno.

"Ngoka, kila mbuzi ana miguu minne. Sivyo?"

"Ndivyo, Bibi."

"Na kitanda chako kina miguu mingapi?"

"Minne."

"Basi kakikamue."

Wachache wakacheka. Ngoka hakucheka.

"Mchomaji ananuka moshi, hilo kweli," Nyamvula akasema. "Lakini si kila anayenuka moshi ni mchomaji. Huyu huchoma vyungu. Mkeo hupika. Mimi huota moto kutwa. Njooni mninuse."

Hakuna aliyesogea.

"Basi nani kachoma?" Ngoka akauliza.

"Sijui."

"Bibi, watu wana njaa. Wanataka jina."

"Najua wanataka. Kwa maneno haya jina halipatikani."

Watu wakanung'unika. Mmoja akasema kizee sasa akili zimemwisha, naye akamsikia. Akajikalisha juu ya mzigo wa Mbeyu, palepale vumbini. Jua likapanda, akakaa. Jua likawaka, akakaa. Alitamani mkeka wake, alitamani maji, akakaa. Mmoja mmoja wakatawanyika, hata Ngoka naye akageuka akaenda zake.

Mbeyu akamshika mkono kumrudisha nyumbani. Wakaenda polepole.

"Bibi, ulijuaje kwamba si mimi?"

"Sikujua, mjukuu wangu. Hata sasa sijui."

Mbeyu akasimama njiani. Machozi yakamtoka, akayafuta kwa ncha ya kanga. Kisha akamshika tena mkono, wakaendelea.

Mchomaji hakujulikana kamwe. Kijiji kikachimba mizizi, kikala mizizi, na Mbeyu na mwanawe wakala pamoja nao. Nyamvula hakuiona mvua iliyofuata. Walipomzika, Ngoka alichimba kaburi kwa mikono yake.

Basi, wanangu, kabla hamjamfukuza mtu, tazameni kama neno lenu la mwisho kweli limetoka katika yale ya mwanzo. Na kama hamjui, semeni hamjui, hata mkichukiwa.

Hadithi yangu nimeitua hapa. Nami nimechoka, nendeni mkalale.