Mwiko wa Mbwerani

Hapo zamani, mchele ulipokuwa bado unapimwa kwa pishi, palikuwa na mji ukiitwa Mbwerani, ukingoni mwa mto Lugongwe. Jumbe wa mji aliitwa Pazi bin Kindamba. Mkuu wa jiko la mji aliitwa Somoe binti Mkwinda, na alama ya kazi yake ilikuwa mwiko wa mpingo, mrefu kama jembe, aliourithi kwa mama yake, Mwanahija binti Ligubi. Mwenye mwiko ule ndiye aliyesimamia kila shughuli ya mji.

Kila mwaka, mpunga ukishavunwa, Jumbe alifanya karamu ya mchele mpya na kualika vijiji saba. Msitu ulikatwa kuni. Wageni walikula, wapishi wakabakiziwa ukoko. Na mbele ya Jumbe na wazee wake yaliwekwa masinia kumi na mawili ya heshima, wali umerundikwa hadi juu. Waliyagusa kwa vidole tu. Mabaki ya Jumbe hayakuliwa na mtu mwingine. Yalimwagwa mtoni, na chini yake kidogo ndipo watu walipochota maji.

Mwaka mmoja, baada ya karamu, maji yalinuka. Watu waliugua matumbo, na Somoe alimzika mjukuu wake, Riziki.

Mwaka uliofuata Jumbe alimwita barazani.

"Bi Somoe, wageni wameshaalikwa. Teleka."

Somoe akauweka mwiko chini, juu ya mkeka.

"Sipiki."

"Umezeeka? Mkono umeishiwa nguvu?"

"Mkono mzima, Jumbe. Una nguvu hata za kukataa."

"Na wageni wale nini?"

"Wale maneno yako. Mimi nitapika mwaka ambao mti hautakatwa, wali hautamwagwa, na mpishi atakaa mkekani kama watu. Kabla ya hapo, sipiki. Na wenzangu wa jikoni hawapiki."

Wapishi wote waliokuwa nyuma yake wakakaa chini. Jumbe akacheka, akauokota mwiko, akauweka juu ya magoti yake.

"Mmesikia masharti ya bibi huyu? Mti usikatwe, wali usimwagwe, mpishi akae mkekani. Basi, atakayeyaweza hayo mwaka huu, mwiko ni wake na wa kizazi chake!"

Alisema kwa dhihaka. Lakini alisema mbele ya watu.

Wa kwanza kusimama alikuwa Athumani Ngayonga, mwalishi wa mji. Kazi ya mwalishi ilikuwa kusimama kwenye njia ya kuingilia kijiji na kupaza sauti, "Nyote mmealikwa!" kisha kwenda zake. Mara hii alirudi vijiji vyote saba, mlango kwa mlango, na mfuko begani.

"Tieni kunde moja kwa kila kinywa kitakachokuja," alisema. "Msitie ya mgonjwa asiyeweza kutembea, wala ya shemeji aliye safarini."

Watu walimcheka. "Mwalishi amegeuka mchuuzi wa kunde!" Alirudi na mfuko, na mchele ukapimwa kwa kunde zile, usizidi wala usipungue.

Wa pili alikuwa Mwantumu binti Mbonde, mfinyanzi wa ng'ambo ya mto. Wafinyanzi hawakuwahi kualikwa Mbwerani. Ilisemwa kwamba mikono yao haitoki udongo.

"Jumbe," alisema, "sisi tunachoma vyungu kwa pumba za mpunga na vifuu vya nazi. Vyungu vikishaiva, makaa yanabaki na moto mchana kutwa, hayana kazi. Leteni mchele. Tutaupika, na hamtakata hata kijiti."

"Mnataka nini?"

"Mkeka. Tukae pamoja na wageni, tule pamoja nao. Tusingoje ukoko."

Jumbe hakuwa na mpishi mwingine. Akakubali.

Siku ya karamu Somoe alikaa ukingoni mwa mkeka. Tangu utoto wake hakuwahi kuwa kwenye karamu akiwa mikono mitupu. Aliiweka mapajani, akaitoa, akaiweka tena. Alisikia harufu ya wali alioupika mtu mwingine, akajua kwa harufu tu kwamba umeiva vizuri, na hilo likamuuma. Mwiko wa mama yake ulikuwa magotini mwa Jumbe.

Wali ukapakuliwa. Kila kundi likapata sinia lake, na vyungu vikabaki vitupu kabisa. Ndipo wafinyanzi wakanawa, watu arobaini, wakaja kukaa. Hapakuwa na sinia lao.

Ngayonga akaushika mfuko wake kwa mikono miwili. Mwalishi wa Mbwerani havuki mto; baba yake hakuvuka, wala babu yake. Alihesabu vijiji saba mpaka kinywa cha mwisho, akawasahau waliokuwa wakipika.

"Sikuvuka," alisema. "Ee Mola wangu, sikuvuka mto."

Mwantumu alisimama. "Inukeni. Chukueni vyungu vyetu, twendeni kwetu."

Mbele ya Jumbe masinia kumi na mawili yalikuwa yametulia, wali umerundikwa. Hayo hayakupimwa kwa kunde. Yalipimwa kwa desturi.

Somoe akainuka. Alipita katikati ya mkeka, akasimama mbele ya Jumbe, akauchukua mwiko kutoka magotini mwake.

"Weka chini!" Jumbe alifoka.

"Nilishauweka chini mara moja. Inatosha."

Akauzamisha mwiko kwenye sinia la kwanza la heshima, akawapakulia wafinyanzi. Akaenda la pili. Akaenda la tatu. Wazee walitazamana, hakuna aliyethubutu kumshika mkono. Alipomaliza, Jumbe na wazee wake walibaki na sinia moja, la kadiri ile ile waliyopata wengine.

"Kula, Jumbe," Somoe alisema. "Kinywa chako nacho ni kunde moja."

Jumbe aliwatazama watu, na watu wakamtazama. Akanyoosha mkono, akala. Siku ile masinia yalirudi matupu, mto haukumwagiwa hata punje, na msitu ulisimama kama ulivyokuwa.

Kesho yake asubuhi, barazani, mwiko ukadaiwa.

Ngayonga alisema: "Pasingekuwa na kunde zangu, wali ungerundikwa na kumwagwa kama kila mwaka. Mwiko ni wangu."

"Kunde zako ziliwasahau waliopika," Somoe akamjibu.

Mwantumu alisema: "Moto ulikuwa wangu na jasho langu. Bi Somoe, ulipokaa na hasira zako, vijiji saba vilikuwa njiani na njaa. Kukataa kwako kungewashibisha? Mwiko ni wangu."

"Na wewe ulikuwa tayari kuondoka karamu ikiwa katikati," Ngayonga akamwambia.

"Ningekaa nitazame wengine wakila? Kaa wewe!"

Somoe alisema: "Nisingekataa, nani kati yenu angefikiri kunde, na nani angefikiri pumba? Na karamu ilipoharibika, nani aliinuka?"

"Aliinuka aliyeususia mwiko," Jumbe akasema. "Nawe pia ulikataa kazi. Basi, tuukate mapande matatu."

"Ukikatwa mapande matatu ni kuni," Somoe akasema. "Na kuni tumeshazikataa."

Akauweka mwiko katikati ya mkeka, mbali na magoti ya kila mtu.

"Auokote mtakayemtaka. Lakini akirudisha masinia kumi na mawili, ajue njia ya kuja mkekani ninaijua."

Mwiko ungali hapo. Mpunga wa mwaka mwingine umeanza kuinama mashambani, na vijiji saba vinauliza karamu ni lini. Nanyi mliosikia yote, semeni: aliyekataa, aliyehesabu, au aliyepika? Je, nani alistahili kuuokota?