Gumba la Bwana Mtipa

Paliondokea bwana mmoja, Mtipa, mwenye mashine pekee ya kusaga pale Mkolea, akagombea udiwani. Akawakusanya watu, akawaambia, "Asiyenitumia picha ya kura aliyonipigia, mahindi yake atayatafuna mazimamazima."

Watu wakanywea. Bi Sikujua, muuza vitumbua, akanyoosha mkono kwa adabu.

"Mheshimiwa, mikono yetu imezoea jembe. Tangulia wewe kupiga kura, unitumie picha yako, tujue iliyo sawa inakuwaje."

"Hilo tu?" Mtipa akacheka, akizungusha pete ya dhahabu kwenye gumba lake.

Siku ya kura akatangulia, akamtumia. Kufika adhuhuri alikuwa amepokea picha mia tatu na kumi. Akachinja ng'ombe.

Jioni matokeo yakabandikwa. Mtipa: kura moja.

Akamwendea Bi Sikujua mbio, simu mkononi. "Na hizi picha je?"

Bi Sikujua akazitazama moja baada ya moja bila haraka. Zote zilionyesha karatasi iliyobanwa na gumba lilelile, lenye pete ya dhahabu.

"Kura yako ndiyo hiyo, Bwana Mtipa," alisema, akigeuza kitumbua. "Na picha kila mtu ameleta. Kesho tunakuja kusaga."