Ndovu na Ghala la Simba

Ngano, ngano!

— Ije!

Ina uongo ndani!

— Uje nao!

Ina vita ndani!

— Ije hivyo hivyo!

Haya, inakuja, lakini polepole, maana ngano ya vita huchosha hata kuisimulia. Kaeni. Wewe mwenye kikohozi, kohoa sasa umalize.

Hapo kale palikuwa na Ndovu na palikuwa na Simba, na dunia nzima haikuwatosha. Ndovu alisema, "Yote yangu." Simba naye akasema, "Yote yangu." Wakaanza kupigana. Mwanzo walipigana wenyewe. Kisha Ndovu akawaita nyati, vifaru na pundamilia. Simba akawaita chui, fisi na mbwa mwitu. Wa bara wakaitwa, wa visiwani wakaitwa, hata kima aliyekuwa juu ya mti akila zake ukwaju aliambiwa, "Shuka! Wewe wa upande gani?" Vikawa vita vya dunia nzima. Nani alivianza, msiniulize. Kila mmoja ana lake, na mimi nimechoka kuwasikiliza.

Basi kila jeshi likikimbia lilichoma majani nyuma yake ili adui asile. Wuuu! Moto huku, wuuu! moto kule. Mwaka wa pili hapakuwa na jani wala gome. Jeshi la Ndovu lilibaki na chakula mahali pamoja tu, kwenye ghala lake la mtama, huko nyuma kwao. Na mtama hauna miguu. Nani ataubeba? Nyati akasema, "Mimi askari." Kifaru akasema, "Mimi askari." Pundamilia akasema, "Mimi askari, tena jemadari." Basi wakakamatwa buku.

Buku mnamjua, yule panya mkubwa mwenye mifuko mashavuni. Palikuwa na mama mmoja wa buku, mjane, jina lake Mwamvua, aliyewekwa kumpikia Ndovu uji. Alikuwa na watoto wanne wa kiume: Farijala, Mbaruku, Shomari na Sudi. Wote wanne wakawekewa kata ya nguo kichwani, wakatwikwa magunia. Na buku wana desturi yao: mzigo ukishatwikwa hautuliwi njiani. Buku anakula akitembea, anasinzia akitembea. Akiutua kabla ya kufika, ni aibu ya ukoo mzima. Ndovu aliijua desturi hiyo, na aliipenda sana.

Ndovu akaenda kupigana kwenye Mlima wa Upepo. Ndi! ndi! ndi! Akapanda. Simba akakimbia. Ndovu akashinda, akala, akasema, "Bado."

Kasuku alikuwa mpiga mbiu wa jeshi. Akapaza sauti, "Hapa mlimani vita vimegeuka!" Vilikuwa vimegeuka kweli. Zamani kutoka ghalani ilikuwa safari ya siku mbili. Sasa ilikuwa siku sita, na baridi juu yake. Farijala alifika kileleni na gunia lake kichwani, akasema, "Hodi, mtama," akafa kwa baridi amesimama, hajautua. Mama yake ndiye aliyempokea gunia. Akapika uji wa Ndovu kwa mtama ule ule, maana ndiyo kazi aliyopewa.

Ndovu akaenda kupigana kwenye Mto Mpana. Ndi! ndi! ndi! Akavuka. Simba akakimbia. Ndovu akashinda, akala, akasema, "Bado."

Kasuku akapaza sauti, "Hapa mtoni vita vimegeuka tena!" Navyo viligeuka. Daraja lilikuwa limekatwa, kwa hiyo wapagazi walivuka kwa miguu. Mbaruku alikuwa katikati, maji yamemfika shingoni. Wenzake walio ukingoni wakapiga kelele, "Utupe! Utupe mzigo!" Mbaruku alikuwa buku. Hakuutupa. Chubwi! Hakuonekana tena, wala gunia halikuonekana.

Na sasa safari ilikuwa ya siku kumi. Siku kumi mpagazi hawezi kwenda na tumbo tupu, kwa hiyo alikula mtama wa gunia alilobeba, shavu hili na shavu hili. Gunia lilitoka ghalani limejaa, likafika nusu. Ndovu kila akishinda, njia inarefuka. Kila njia ikirefuka, chakula kinapungua. Tumbo la Ndovu likaanza kulia, ngurrr! Akakasirika.

"Kuanzia kesho," akasema, "mpagazi asile njiani. Mashavu yao yafungwe kamba!"

Mwamvua akasikia. Walibaki wawili, Shomari na Sudi. Siku kumi mzigo kichwani na mashavu yamefungwa, hakuna atakayefika. Hakulia. Kulia alikwisha kulia mlimani na mtoni. Akachukua bakuli la uji, akaenda kwa Ndovu.

"Shikamoo, Bwana Mkubwa."

"Marahaba. Mbona uji mwepesi?"

"Mtama ni kidogo, Bwana. Naomba kuuliza jambo. Mimi mpishi tu, vita sivijui."

"Uliza."

"Simba hulima?"

"Simba?" Ndovu akacheka. "Mvivu yule! Hajashika jembe tangu azaliwe."

"Amekonda?"

"Amekonda wapi! Huioni shingo ile?"

"Na askari wake?"

"Wamenona wote, walaaniwe!"

"Kumbe. Halimi, na hakondi. Basi, Bwana, mimi sielewi." Mwamvua akachukua bakuli lake, akaanza kwenda zake.

Ndovu akafikiri. Ndovu akifikiri, masikio hupiga. Pa! pa! pa!

"Ngoja! Simba ana ghala!"

"Ana ghala, Bwana?"

"Tena kubwa kuliko langu! Asiyelima na hakondi, anakula cha ghalani."

"Mimi sijui, Bwana. Mimi napika tu."

Mnacheka? Msimcheke. Ndovu alikula mtama na majani tangu aachishwe ziwa, baba yake vivyo hivyo, babu yake vivyo hivyo. Kwake yeye chakula ni kitu kinachoota, kikavunwa, kikawekwa. Akawauliza majemadari. Nyati, mla majani, akasema, "Ana ghala." Kifaru, mla majani, akasema, "Ana ghala." Pundamilia alijua ukweli. Alifungua kinywa auseme, akaona wenzake wote wanamtazama, akasema, "Ana ghala, Bwana. Kubwa."

"Basi liko anakokaa, kwenye Tambarare Nyeupe," akasema Ndovu. "Tunakwenda kulichukua! Wapagazi wa nini tena? Wakae hapa mtoni mpaka niwaite. Na zile kamba nipeni, nitafungia magunia yangu mapya."

Ndi! ndi! ndi! Askari wote wakaenda, vumbi hadi mbinguni.

Vumbi lilipotulia, Mwamvua akawaendea wanawe. Walikuwa wamesimama ukingoni, magunia kichwani.

"Tueni," akasema.

"Mama, hatujafika."

"Mmefika. Tueni."

"Na aibu?"

"Aibu nitabeba mimi. Tueni, wanangu, nimechoka."

Shomari akatua, puu. Sudi akatua, puu. Wapagazi wote wakatua, puu, puu, puu. Shingo zao hazikunyooka siku hiyo, wala siku ya pili. Wakala wakashiba, wakarudi kwao.

Huko Tambarare Nyeupe, Ndovu alifika na njaa ya siku saba. Akatazama huku, akatazama kule. Kumbe weupe wa tambarare ile ulikuwa mifupa. Simba alikuwa amelala chali, anajilamba.

"Ghala liko wapi?" Ndovu akanguruma.

Simba akawatazama nyati. Akawatazama pundamilia, mmoja mmoja, taratibu.

"Ndilo hilo umekuja nalo," akasema.

Ndovu alirudi peke yake, ngozi inamning'inia. Simba hakumfuata, alikuwa ameshiba mno. Na vita vikaisha hivyo, kwa sababu hapakuwa na wa kupigana.

Ikapita miaka. Ndovu akanenepa tena. Akapatana na Simba, wakakaa mkeka mmoja, na kila mwaka wakafanya sherehe. Siku hiyo Kasuku alisimama mbele ya watu akapaza sauti, "Vita viligeuka mlimani! Tulishinda!" Ngoma, ndu ndu ndu! "Vita viligeuka mtoni! Tulishinda!" Ngoma, ndu ndu ndu! Tambarare hakuitaja. Kiti cha Pundamilia kilikuwa kitupu, na hakuna aliyeuliza.

Mwaka mmoja wakamwita Mwamvua naye, mpishi wa zamani, aseme neno moja kisha akae. Akainuka kwa shida.

"Mlimani alikuwa Farijala," akasema. "Mtoni alikuwa Mbaruku. Siku hizo nyinyi mmezipigia ngoma. Leo naomba mnipigie ya tambarare."

Ndovu akakunja uso. "Mama, siku ile tulishindwa!"

"Ndiyo hiyo hiyo, Bwana," akasema Mwamvua. "Watoto wangu wawili walirudi nyumbani."

Hakuna aliyepiga. Shomari akamshika mkono huu, Sudi akamshika mkono huu, wakaenda zao wakala wali.

Funzo lake, watoto, ni hili: vita ni mambo ya wakubwa, wao ndio wanaojua vinageuka wapi, na mpishi asiulize maswali. Shikeni hilo, mtafika mbali, mbali sana.

Ngano yangu imetua. Ikiwa tamu, gawaneni. Ikiwa chungu, niachieni mwenyewe.