Siku Tatu za Mwisho za Eda

"Paukwa."

"Pakawa."

Mmeitikia kivivu, lakini nimezoea. Nimezunguka nchi nyingi, na kote watu husinzia nikianza. Basi, zamani sana, kabla babu wa babu yangu hajajifunza kutia chumvi, kilikuwapo kijiji kilimani, ukungu juu, mto chini. Ndani ya kijiji, nyumba. Ndani ya nyumba, pazia. Nyuma ya pazia, Kidawa, amekaa eda.

Mumewe alipelekwa vitani na mfalme, hakurudi. Miezi minne na siku kumi mjane hatoki, wala wanaume wa nje hawamwoni. Akivunja, desturi ya kijiji hicho ilikuwa aanze upya, siku ya kwanza. Kidawa alibakiza siku tatu.

Asubuhi, pu! Mtu kaanguka uani. Mkwewe, Bi Rehani, akamburuta ndani.

"Ni Chande, mtoto wa mfalme," akasema. "Ami yake kamuua baba yake jana. Sasa anatafutwa yeye."

Kidawa akachungulia. Miguu ya kijana inavuja damu. Meno yanagongana, kata-kata-kata.

"Mama, si hawa waliotumalizia mtu wetu?"

"Ndio hawa."

"Na unataka tumfiche?"

"Pa kumficha ni mahali pamoja tu, hapo nyuma ya pazia. Na wewe huwezi kukaa naye. Mtoto aliyekufa ni wangu, lakini eda ni yako. Sema wewe."

Mtoni ngoma za askari zikalia, ndi, ndi, ndi. Kidawa akavua shuka lake jeupe la eda, akamvuta Chande nyuma ya pazia, akamfunika tangu utosi hadi kidole. Akatoka nje kichwa wazi. Jua la miezi minne likamchoma macho. Akashika mchi. Twi. Twi. Twi.

Askari wakaingia, mbele yao akida Ngwali.

"Nani huyu?"

"Mtumishi wangu," akasema Bi Rehani. "Mvivu. Mahindi hayo anayatwanga tangu jana."

"Na nyuma ya pazia?"

"Mjane wa mwanangu. Au na wajane nao mnawakagua siku hizi, baba?"

Akida akaweka ncha ya upanga kwenye pazia. "Sitamwona. Nitamsikia. Mjane hulia, na alie."

Twi. Twi. Kidawa hakuthubutu kusimamisha mchi. Kijana yule ataigizaje sauti ya mwanamke? Twi. Kimya. Twi.

Kikatoka kilio. Chande hakuigiza. Alikuwa hajapata nafasi ya kumlilia baba yake, akamlilia pale. Kwikwi, kwikwi, sauti imekauka, huwezi kujua ni ya kike au ya kiume. Kidawa alikijua kilio kile. Kilikuwa chake cha siku ya kwanza.

Akida akashusha upanga. "Poleni wafiwa," akasema, akaondoka na watu wake.

Adhuhuri Chande alivuka mto ndani ya shuka la mjane. Hakurudi, wala ufalme hakuupata.

Lakini kijiji kilikuwa kimemwona Kidawa juani. Wazee wakaja.

"Umevunja eda. Kwa nini?"

Akisema kweli, habari itamfikia akida, na Bi Rehani atachinjwa kabla yake. Kidawa akainamisha kichwa.

"Nilichoka kukaa ndani."

Wanawake wakatema mate. Akarudi nyuma ya pazia, siku ya kwanza. Mara pazia likainuka. Bi Rehani, na mkeka wake kwapani.

"Mama, wewe hulazimiki."

"Sogea huko, nitandike."

Wakakaa wawili, miezi minne na siku kumi.

Yule ami alipokufa, Kidawa tayari mzee wa mvi, ndipo aliposema kweli. Watu wakawa wanapanda kilima kumtaka shauri. Wasichana wakamuuliza, "Bibi, ulirudiaje eda kwa ajili ya mtoto wa mfalme aliyekumalizia mume?"

"Alilia kama mimi," akasema, akaendelea kupeta mchele wake.

Basi jamani, akija kwenu mtu anakimbia, mfungulieni kwanza. Ya baba yake yataulizwa baadaye. Hadithi yangu naiacha hapa. Atakayeibeba, aibebe kwa adabu.