Kifaru Alivyomchimbia Pimbi Mvuke

Hapo zamani za kale, kale kwelikweli, mawe yakiwa bado laini na bibi yangu hajaota hata jino la kwanza, palikuwa na mlima unaitwa Fukuto. Sogeeni, nyie wa nyuma! Na atakayesema nadanganya aende akaupande mwenyewe, halafu arudi anieleze, kama atarudi na nyayo.

Mlima huo ulikuwa wa moto, jamani! Tumboni mwake mnachemka kutwa kucha kama sufuria la makande. Kuku wa huko walitaga mayai yaliyokwisha iva. Ukitema mate hayafiki chini: tsss! yamekwisha. Mto hakuna. Kisima hakuna. Mvua yenyewe ilikuwa ikija inachungulia, inaona lile joto, inageuza kurudi kwao.

Basi huko juu alikaa Pimbi na watoto wake sita. Pimbi mnamjua? Kanyama kadogo, kanene, hakana mkia, kanakaa kwenye mawe. Lakini akili! Akili zake ukizipakia kwenye lori, tairi zinapasuka.

Pimbi alikuwa na tundu lake. Tundu dogo tu, la kuingia ngumi, lakini linatoa mvuke: pfuu... pfuu... Akalizungushia udongo, akachomeka mwanzi mrefu, hatua arobaini nzima, ukateremka mpaka mlangoni kwake. Mvuke unaingia moto, unatembea humo ndani, unapoa polepole, na ukifika mwisho umeshakuwa maji. To! To! To! Yanaingia kwenye kibuyu. Kibuyu kimoja kwa siku. Wanakunywa watoto sita, mama analamba kilichobaki.

Mwaka mmoja jua likawaka mpaka vivuli vikakimbia. Mto wa bondeni ukakauka. Siku moja asubuhi Pimbi akasikia: du! du! du! Mlima unatikisika. Kumbe Tembo na Kifaru hao, wanapanda.

"Hodi hapa!" akasema Tembo.

"Hodi ya nini?" Kifaru akafoka. "Mwenye nyumba mwenyewe hatoshi kwenye kiatu changu. We Pimbi! Tumesikia una maji."

"Karibuni, Bwana Kifaru. Karibu, Mzee Tembo. Maji yapo, ila ni ya watoto..."

"Yalikuwa ya watoto. Kuanzia leo tundu hili ni letu."

Kifaru akakamata kibuyu, gub! Kikaisha hata ulimi haujalowa. Watoto sita wakatazama kibuyu kitupu. Kadogo kuliko wote, kanaitwa Mwanakoko, kakaanza kulia, na machozi hayatoki maana mwilini hamna maji.

"Mbona yanatoka tone tone?" Kifaru akauliza. Akautazama mwanzi kutoka mwanzo mpaka mwisho. "Haa! Nimejua! Njia ni ndefu mno. Maji yanachoka njiani!"

"Kweli kabisa, kaka," akasema Tembo. "Mwanzi ungekuwa mfupi, yangefika haraka."

"Bwana Kifaru, tafadhali usi..."

Kwacha! Kifaru akaukata mwanzi, akabakiza kipande cha hatua mbili. Akakinga mdomo wazi, macho kafumba, anangoja mafuriko.

Pfuuu!

"Mama yangu weee! Ulimi! Ulimi wangu!"

Maji hayakutoka hata tone. Mvuke mtupu, moto wa kuchunia nguruwe. Kifaru akaruka kama chura, akaenda kumshika Pimbi shingoni. "Umeliroga tundu! Litengeneze sasa hivi, au nakukanyaga wewe na vitoto vyako!"

Pimbi akafikiri, haraka kuliko umeme wa mjini. Nikiwaambia siri ni urefu wa mwanzi, watakaa hapa wanywe kila tone, wanangu wafe. Nikinyamaza, tutakanyagwa leo hii. Halafu akakumbuka jabali jeusi kule juu kidogo. Miaka yote akiweka sikio pale anasikia chini yake panachemka: gubu-gubu-gubu! Mvuke wa kutosha nchi nzima, lakini kucha zake hazikuweza kutoboa hata ganda la juu.

Akawaangalia wale wawili. Mmoja ana pembe. Mwingine ana mkonga.

"Jamani!" Pimbi akapiga kofi. "Kwani mlilisalimia?"

"Kusalimia nini?"

"Tundu! Humo ndani kuna mzee, umri wake miaka elfu kumi na miezi. Mmeingia kwa mzee wa watu, hakuna shikamoo, hakuna habari za hapa, mnakata kata vitu vyake. Nyie mmelelewa wapi?"

Tembo akaona aibu mpaka masikio yakaning'inia. Kwao walikuwa watu wa adabu. "Kifaru, nilikwambia tupige hodi."

Kifaru akainama juu ya tundu, kanuna. "Shikamoo."

Pfuu!

"Ameitika!" Tembo akashangilia.

"Ameniunguza pua!"

"Kaitika, lakini kwa hasira," Pimbi akasema, ameinamisha kichwa kama mtu anayesikiliza jirani wanaogombana. "Ngojeni... Ndiyo, mzee... Naam... Anauliza mmemletea nini. Wageni wakubwa hivi, mikono mitupu?"

"Tumletee nini? Anataka ndizi?" Tembo akauliza.

"Ndizi kwa meno yapi? Anataka mlango. Amechoka kupumulia tundu la panya. Anasema mumtobolee mlango mpana pale kwenye jabali jeusi. Tena hataki wageni wa kumkalia puani. Mwekeni mianzi minene, hatua mia tatu, mkae huko chini mngoje. Mkipunguza hata hatua moja, anasusa."

"Mia tatu!" Kifaru akapiga mguu chini.

"Alitaka mia tano. Nimembembeleza."

"Na wewe utafanya nini?"

"Mimi?" Pimbi akashusha pumzi. "Mimi nimepewa kazi ngumu. Nikae hapa kwenye tundu dogo, nirudishe mwanzi wake mrefu, nimpigishe stori asikasirike. Mzee ana maneno huyo! Mtanionea huruma."

Basi kazi ikaanza. Kifaru akachimba kwa pembe: kong! kong! kong! Jabali linatoa cheche, majani ya mbali yanaungua. Alichimba siku tatu. Wengine wanasema tisini, lakini mimi sipendi kuongeza chumvi. Tembo akaenda upande wa pili wa mlima kung'oa mianzi, minene kama mapipa, akaitoboa mafundo yake, akaiunganisha kwa udongo, akailaza ikishuka. Hatua mia tatu. Alihesabu mara nne, kwa kuogopa mzee asije akasusa.

Na Pimbi? Jioni ile ile mwanzi wake ulikuwa umesharudi mahali pake. To! To! To! Mwanakoko akanywa mpaka akajikwaa kwenye tumbo lake.

Siku ya pili Kifaru akapita, jasho chapachapa. "We Pimbi, mbona watoto wako midomo imelowa?"

"Machozi, Bwana Kifaru. Wanakulilia wewe. Wanasema, mjomba anavyoteseka!"

Kifaru akapangusa jicho. "Watoto wazuri sana," akasema, akarudi kuchimba kwa bidii zaidi.

Siku ya tatu, adhuhuri, pembe ikazama. Kimya. Kifaru akainamisha sikio. "Mbona kimya?"

PFUUUUUUUUU!

Eee bwana wee! Kifaru akaondoka duniani. Akawapita tai, akapita mawingu, akawasalimia wakazi wa huko, akarudi puu! ana kipande cha wingu kwenye pembe. Tembo mbio akausukuma mwanzi wa kwanza kwenye shimo, akajaza udongo kuzunguka, kisha akakimbilia mwisho kule chini.

Wakangoja. Hakuna kitu.

Halafu: to.

To, to.

Chuuururururu!

Maji! Tembo akanywa, akajimwagia mgongoni, akacheza ngoma ambayo mpaka leo haina jina. Kifaru akaweka kichwa chote kwenye maji. Swala wakaja, ngiri wakaja, hata kobe akaja mbio, nasema mbio.

Tembo aliposhiba, akatulia. Na Tembo akitulia, anafikiri. Akatembea kando ya mianzi, anagusa kwa mkonga. Ya juu: "Uwii, moto!" Ya katikati: vuguvugu. Ya mwisho: baridi. Akasimama.

"Pimbi!"

"Abee, Mzee Tembo."

"Hapa hakuna mzee. Kinachofanya kazi ni urefu wa mwanzi. Mvuke unapoa njiani, basi! Umetufanya vibarua!"

Pimbi akaangalia pembeni. "Ulivyosema hivyo, Mzee Tembo... ni kama kweli."

Kifaru akavuma kama treni. "Nimechimba siku tatu! Nimeungua pua, ulimi, na sehemu nyingine nisizozitaja! Leo nakukanyaga!" Akainua mguu juu ya Pimbi na watoto wake sita.

Na mara ile ile maji yakafanya: chu... ru... kimya. Yamekatika.

Kifaru akabaki mguu juu. "Imekuwaje tena?"

"Tope," Pimbi akasema kutoka chini ya ule mguu. "Mvuke wa chini unabeba tope na unga mweupe wa mawe. Unaganda ndani ya mwanzi. Wangu nausugua kila wiki. Haya, Bwana Kifaru, ingia usugue."

Kifaru akajaribu kuingiza kichwa. Pembe tu ikaingia, ikanasa. Tembo akaingiza mkonga, akavuta unga, akapiga chafya iliyomwangusha ngiri upande wa pili wa mlima.

Wote wakamwangalia Pimbi. Kifaru akashusha mguu taratibu, pembeni.

"Mzee Tembo, chomoa mwanzi, funika shimo kwa jiwe lile," Pimbi akaamuru. "Subirini mwanzi upoe. Wanangu, kazini!"

Pimbi sita wadogo wakaingia kwenye mwanzi. Skwaru-skwaru-skwaru! Wakatokea upande wa pili weupe kama wameanguka kwenye unga wa ngano. Jiwe likaondolewa, mwanzi ukarudishwa. Chuuururururu!

Kifaru akasogea anywe.

"Wapi hapo?" Pimbi akamzuia kwa kidole. "Kuanzia leo, wadogo kwanza. Panga foleni, mjomba."

Kifaru akatazama maji. Akatazama mianzi ya hatua mia tatu itakayoziba tena wiki ijayo. Akameza mate, akaenda kusimama nyuma ya Mwanakoko, ambaye alikunywa taratibu mno, kwa makusudi kabisa.

Kwa hiyo shikeni hili: ukimpora mtu chombo chake na hujui kinavyofanya kazi, jiandae kuwa kibarua wake. Mimi maneno yameniishia, na asiyeamini akamuulize Kifaru kwa nini mpaka leo ana pua mbaya vile.