Mgonjwa Aliyekatisha Sala

Kulikuwa na mama mmoja, fundi cherehani, aliyekuwa akitibiwa saratani kwa zile dawa za dripu. Kila alipomaliza dripu, nesi alimwambia neno lile lile: "Mama, dawa hizi zinashusha kinga. Kipimajoto kikifika thelathini na nane, au ukitetemeka kwa baridi, usimeze panadol ukalala. Njoo hapo hapo. Usisubiri kesho."

Jumamosi moja jumuiya yetu ya kanisa ikaenda kumwombea. Mnatujua tulivyo. Sebule imejaa, chai ya maziwa inachemka, viti vimeazimwa kwa jirani. Mwenyekiti wa jumuiya akaanza sala, ile sala yetu ya kuizunguka dunia nzima kabla ya kumfikia mgonjwa. Haijamfikia bado, yule mama akaanza kutetemeka, meno yanagongana. Akajipima chini ya kitenge. Thelathini na nane na nusu.

Akamnong'oneza wifi yake: "Wifi, nina homa. Nipelekeni hospitali."

"Sasa hivi? Watu wameinamisha vichwa! Hiyo ni dawa inapigana na ugonjwa. Meza panadol, vumilia mpaka amina."

"Na amina ikichelewa?"

"Usituaibishe, wifi. Watasema huna imani."

Niwaulize, ndugu zangu: nani kati yetu hajawahi kuwa wifi huyu? Nani hajamwambia mgonjwa "jikaze", kisha akarudi kwenye chai yake?

Yule mama akashika kochi, akasimama, akapaza sauti juu ya sala: "Baba mwenyekiti, samahani. Mungu ataniona hata nikiwa njiani. Nani ana gari?"

Wifi akajifunika uso kwa khanga. Wengine wote wakamgeukia mwenyekiti, mzee ambaye hajawahi kukatishwa sala, hata siku bati lilipovuja kichwani pake. Mzee akafumbua macho.

"Amina," akasema. Mkono ulikuwa tayari mfukoni, unatafuta funguo.

Hospitali wakamchukua damu na kumtundikia dripu ya antibiotiki kabla wifi hajapata pa kukaa. "Umewahi, mama," daktari akasema. "Kinga yako iko chini kabisa. Mngesubiri mpaka asubuhi, nisingewaahidi kitu."

Wifi akalia pale pale koridoni, kwa sauti, mpaka mgonjwa mwenyewe akamwambia kutoka kitandani: "Jikaze, wifi." Wakacheka wote wawili. Leo yule mama amerudi kwenye cherehani yake.

Sasa sikilizeni. Sisi tulikwenda kumwombea apone. Mungu akajibu, na jibu likatoka mdomoni mwa mgonjwa: nipelekeni hospitali. Na nani alitaka kulinyamazisha? Sisi! Sisi tuliokuwa tumefumba macho! Tumelifanya neno "vumilia" kuwa kitambaa cha kuwaziba wagonjwa midomo, halafu tunakiita imani. Inaniudhi, na naomba iwaudhi na ninyi. Aliyemsikiliza nesi hakumkosea Mungu. Wewe mwenye mgonjwa nyumbani, ukisikia "nina homa", usimpe ushauri. Mpe kiatu chake, mwondoke.

Na kama yupo humu anayetumia dawa hizo, na hivi ninavyosema anahisi baridi, asiningoje nimalize. Simama, nikatishe. Gari la kanisa liko mlangoni, na dereva yumo.