Fisi Apiga Ngoma ya Uchungu

Mwaka ule jua lilikausha mto, likakausha tope, likakaribia kukausha mate vinywani mwa wanyama. Kilibaki kisima kimoja tu, nacho kilikuwa ndani ya boma la Simba, ambaye hakukichimba lakini alikuwa na meno ya kukimiliki.

Raia hawakuruhusiwa kuingia. Mwenye kiu alitega kibuyu chini ya mwanzi uliotokeza kwenye ua, akaita, na Sungura, mteka maji wa mfalme, akaacha ulinzi wake wa langoni, akaingia kisimani, akamtekea na kummiminia kupitia mwanzi huo bila kumwona. Kwenye ua zilining'inia pia ala za dharura. Upatu ni moto, baragumu ni adui, ngoma ni mama mwenye uchungu wa kuzaa. Ikilia mojawapo, Sungura huacha alichoshika, hukimbia kutimiza amri ya jambo hilo, kisha hurudi kuendelea palepale alipoachia.

Fisi aliutazama utaratibu huo, tumbo likamshauri.

Siku moja Swala alitega kibuyu. Mwanawe alikuwa amelala chini, ulimi nje.

"Kaka Sungura, fanya hima, mtoto ananifia!"

Sungura ameanza tu kumimina, upatu ukalia. Akatua ndoo, akabeba gunia la mchanga, akazunguka boma zima akitafuta moto. Hakuona hata moshi wa kiko. Akarudi mbio, akamalizia kumimina kama kawaida yake.

Nje, Swala alikuwa amemkokota mwanawe kuukimbia moto usiokuwepo, na chini ya mwanzi palikuwa na kibuyu cha Fisi.

"Maji yangu yako wapi?" Swala akalia aliporudi.

"Mimi nilipita tu," Fisi akasema, akipangusa mdomo. "Nikakuta maji yananitafuta."

Kipimo cha maji alichoruhusiwa Swala kwa siku kilikuwa kimekwisha. Sungura aliona aibu, akaona na hasira, maana mkono uliommiminia mwizi ulikuwa wake. Akaenda kwa Simba kuuliza kama ni lazima akatize kumimina kila upatu unapolia.

"Upatu ukilia, unakwenda," Simba akasema. "Nilikuajiri kwa miguu, si kwa maswali."

"Nitakwenda, Bwana Mkubwa. Ila ndoo ikishapanda, niruhusu nifunge masikio mpaka nimalize kumimina. Dharura itangoja kidogo tu."

"Funga hata mkia," Simba akajibu, akapiga miayo.

Usiku ule mtoto wa Swala alilambishwa umande, akafika asubuhi kwa taabu. Mama yake alipoita, Sungura alikiingiza kibuyu chake ndani, akapandisha ndoo, akayakunja masikio yake marefu na kuyafunga kwa kamba ya mgomba.

Nje, Fisi alikuwa akiwaza. Moto huonekana kwa moshi, adui huonekana kwa vumbi, lakini nani atachungulia tumboni? Akaikamata ngoma. Akapiga. Sungura hakutokea. Akapiga tena, kwa nguvu zaidi, hata foleni nzima ikageuka, na Simba mwenyewe akaamshwa usingizini.

Sungura alimimina mpaka tone la mwisho, akampa Swala kibuyu. Mtoto akanywa, akasimama kwa miguu inayotetemeka. Hapo ndipo Sungura alipoyafungua masikio, akaisikia ngoma, akatoka mbio.

"Nani ana uchungu?" Simba akanguruma.

Fisi alikuwa na kirungu cha ngoma mkononi. Kusema amemdanganya mfalme ni kukabidhi kichwa.

"Mimi," akasema, kwa sauti ndogo.

"Hongera, ndugu yangu," Sungura akasema. "Amri ni amri." Akamwita Bibi Ndovu, mkunga.

Bibi Ndovu hakuwa mtu wa maneno mengi. Akamlaza Fisi chali, akamwekea mguu juu ya tumbo.

"Sukuma, mwanangu."

"Bibi, sina mimba!"

"Wote husema hivyo kwa mara ya kwanza. Sukuma!"

Mguu ukakandamiza. Ulitoka upepo kwanza, kisha yakatoka maji, na mwisho ukatoka ukweli.

"Nimedanganya! Na upatu wa jana ni mimi! Na maji ya Swala ni mimi!"

Foleni ilicheka hadi waliokauka machozi wakayapata. Simba hakucheka. Ngoma yake ilikuwa imechezewa, na hilo lilimuuma kuliko kiu ya raia wake wote. Akamfukuza Fisi kisimani mpaka mvua inyeshe, akalambe umande ng'ambo ya mlima.

Njia ya mwongo ni fupi.